Je, Wajua? Betri ya Gari la Haibridi Haijazwi Ikajaa

Je, wajua kwamba betri kubwa ya Toyota Prius, gari lililoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, hairuhusiwi kujaa kabisa wala kuisha kabisa? Kompyuta ya gari huiweka takriban kati ya asilimia 40 na 80 ya uwezo wake, kwa sababu betri za nikeli huchakaa upesi zikijazwa hadi mwisho na kumalizwa mara kwa mara.

Nafasi inayoachwa juu ina kazi yake. Dereva akikanyaga breki au akiteremka mlima, mota hugeuka jenereta, na nishati ambayo ingepotea kama joto kwenye breki huingia betrini. Betri iliyojaa ingeipokea wapi?

Prius ya kizazi cha pili ina seli 168 za volti 1.2 kila moja, zilizounganishwa mfululizo kufikia volti 201.6. Hata hivyo umeme wa betri hiyo ni kidogo, hautoshi kusafiria mbali. Sifa yake ni wepesi wa kutoa na kupokea.

Adui mkubwa wa betri hii ni joto. Ili kuipoza, feni huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya siti ya nyuma. Wenye Prius na haibridi nyingine ya Toyota, Aqua, za mtumba Nairobi na Dar es Salaam, tafadhali msilizibe tundu hilo kwa mizigo, na fundi aisafishe feni hiyo vumbi kila mnapofanya sevisi.