Je, Wajua? Gemu ya mwaka 2000 ambayo bado inaandikwa

Je, wajua kwamba Baldur's Gate II, gemu ya kompyuta iliyotoka mwaka 2000 kwa mkono wa kampuni ya BioWare ya Kanada, haijaisha kuandikwa? Wachezaji wenyewe wanaiongezea maongezi, wahusika, hata wachumba. Nyongeza hizo huitwa modi, na wengi wanaoziunda hawalipwi hata senti.

Karibu maneno yote ya gemu hiyo yamo kwenye faili moja, dialog.tlk, na kila sentensi ina namba yake. Mhusika anapofungua kinywa, gemu huita namba, nayo faili hutoa maneno. Ukibadilisha sentensi moja, imebadilika popote namba hiyo inapoitwa, hata pale ambapo hukutaka.

Zamani modi mbili zilikuwa zikigombania faili hiyo, ya pili ikiifuta ya kwanza. Aliyepatanisha ugomvi ni Mmarekani Westley Weimer, mwanasayansi wa kompyuta, kwa programu yake ya WeiDU. Yenyewe haibadilishi faili nzima. Inachomeka kipande kinachohitajika tu, tena inaweka akiba ya kilichokuwepo ili modi ikikuchosha uiondoe.

Je, wajua tukio la hadithi linavyotengenezwa? Tuseme unataka mlinzi aingie, aseme neno, kisha giza litande. Unaanza na amri StartCutSceneMode, inayomnyang'anya mchezaji usukani. Unamwelekeza mlinzi aende wapi, unampa la kusema, unaita FadeToColor giza liingie. Mwisho kabisa lazima uandike EndCutSceneMode. Ukiisahau hiyo, mlinzi kamaliza zamani, lakini mchezaji anabofya na kubofya, shujaa kaganda kama sanamu. Mwanamodi gani hajawahi kulaaniwa kwa hili?

Na gemu inakumbukaje kwamba uliwahi kumdanganya mfalme? Kwa namba tu. Sifuri: bado. Moja: tayari.

Hata mapenzi ni hesabu. Kwenye gemu hii, uchumba hupimwa kwa kigezo kiitwacho LoveTalk, kinachopanda kila mnapofungua maongezi mapya, na kati ya maongezi kuna saa inayohesabu muda halisi wa kucheza. Ukimkimbiza mpenzi wako vitani bila kupumzika, saa inaendelea tu. Awali wanawake wa kuchumbia walikuwa watatu, Aerie, Jaheira na Viconia. Mchezaji mwenye mhusika wa kike aliachiwa mwanamume mmoja, Anomen, mwenye majivuno yasiyomithilika. Si ajabu modi za wachumba zikajaa.

Je, wajua kwamba Imoen, msichana mwizi anayependwa kuliko wengi katika gemu ya kwanza ya mwaka 1998, aliingizwa dakika za mwisho? Fedha za kurekodi zilikuwa zimekwisha, hivyo sauti yake ikakatwakatwa kutoka rekodi za mlinzi wa onyesho la majaribio lililotupwa. Wanamodi nao wana mchezo huohuo hadi leo: wanachukua sauti zilizomo na kuzipanga upya.

La kushangaza zaidi: modi maarufu ya Ascension, inayoufanya mwisho wa Throne of Bhaal (nyongeza rasmi ya mwaka 2001) uwe mgumu na wenye uzito zaidi, iliundwa na David Gaider. Huyo alikuwa mwandishi wa BioWare mwenyewe! Kwa maoni yangu, mwisho wake unaushinda ule uliouzwa dukani.

Na kutafsiri je? Modi nyingi huweka maneno yake kwenye faili za .tra: namba yenye alama ya @, kisha sentensi kati ya alama mbili za ~. Mtafsiri hagusi amri yoyote. Kiswahili hakina herufi za ajabu za kusumbua fonti, kwa hiyo wewe mwenye kompyuta na Kiswahili fasaha, chagua modi fupi, mwombe ruhusa aliyeiunda, uanze na @1.