Umefunga, Ofisi Nzima Inakula: Utafanyaje?

Saa nne asubuhi. Chupa ya chai imeshafika, chapati zinanukia, mama lishe anauliza nani anataka supu. Wewe umefunga. Wa kwanza anakukaribisha, unamshukuru. Wa pili anauliza kama unaumwa. Wa tatu anacheka: "We kula bwana, Mungu anajua uko kazini!" Ikifika saa saba mchana, kinachokuchosha si njaa tena. Ni maneno.

Kama unafanya kazi Ushetu, Kahama au Geita, unajua ninachosema. Kwa Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa wa huku, chakula siyo chakula tu. Anayekula akikuona unapita lazima aseme "karibu", na wewe unategemewa unawe, hata kama ni kwa tonge moja la ugali. Ukikataa, mwenzio anaweza kuhisi umemkataa yeye. Na watumishi wengi, kuanzia walimu na wauguzi mpaka maofisa wa Halmashauri pale Nyamilangano, wako mbali na kwao. Wenzao wa kazini ndiyo ndugu zao. Sasa ndugu utamkatalia vipi bila kumuumiza?

Anayekubembeleza siyo adui

Kwanza kabisa, usimchukulie vibaya. Mara nyingi anayekung'ang'aniza ule anakupenda, ila hajui aseme nini kingine. Mjibu kwa heshima na kwa kifupi: "Asante sana mama, leo nimefunga." Basi. Huhitaji kutoa hotuba.

Acha ile ya "nimeshiba" au "nimekula nyumbani". Kesho utaulizwa tena, na keshokutwa, na kila siku itabidi utunge jipya. Kama ofisini mnachangia hela ya chakula, sema mapema, kabla mfungo haujaanza, ili usihesabiwe na chakula kisiharibike.

Halafu usikimbie. Ukitoweka kila saa ya chakula, watu wataona unajitenga au unajiona mtakatifu kuliko wao. Kama unaweza kuvumilia harufu, kaa nao, piga stori, wamiminie maji ya kunawa. Mtu akikuona uko naye mezani, hatojali sana kama sahani yako haipo.

Mifungo haifanani

Jumatano ya Majivu ya tarehe 5 Machi 2025 iliwakuta Waislamu wakiwa wameanza Ramadhani siku chache tu. Meza moja, mifungo miwili. Na hapo ndipo utani unapoanza: "Mbona mwenzio kafunga na anakunywa maji?"

Muislamu anafunga kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama, bila chakula wala maji. Mkatoliki, kwa sheria ya kanisa lake, anabanwa na mfungo siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili na milo miwili midogo, kuanzia umri wa miaka 18 mpaka anapotimiza 59. Siku nyingine za Kwaresima wengi wanajichagulia la kujinyima. Kwa hiyo usimpime mwenzio kwa mzani wako.

Swali ambalo hutakiwi kuuliza

"Leo hujafunga?" Linaonekana swali la kawaida, lakini kwa mwanamke linaweza kuwa aibu kubwa. Katika Uislamu, aliye kwenye hedhi hafungi. Atazilipa siku hizo baadaye. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa, na mjamzito na anayenyonyesha pia wanapohofia afya. Ukimuuliza dada mbele za watu, unamlazimisha achague: aitangazie ofisi habari za mwili wake, au adanganye. Wapo wanaoamua kujificha stoo na kula kwa haraka kama wezi. Kaka, ukimuona anakula, mpite. Na wewe bosi, ukisikia utani huo, ukomeshe.

Saa yako ni yako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Haisemi lazima ule. Hata kama umefunga, saa hiyo ni yako: lala kidogo, sali, nyoosha miguu. Usikubali igeuzwe muda wa kumalizia kazi za wenzio kwa sababu eti "wewe si huli". Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi wa dini kazini.

Mgodini usilete ubishi

Chini ya ardhi kule Bulyanhulu, au kwenye usukani wa lori kubwa la mgodi kule Geita, kizunguzungu siyo jambo la kujikaza nalo. Mwambie msimamizi wako kabla ya zamu kwamba umefunga, na uliza kama unaweza kupangiwa zamu ya usiku. Ukiona macho yanafifia, simama na useme. Anayehofia madhara anaruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo amuone daktari kabla ya mfungo.

Jambo lingine dogo: huku jua linazama kama nusu saa baada ya Dar es Salaam. Usifuturu kwa adhana ya redio ya Dar. Fuata msikiti wa karibu. Na kama magharibi hukukuta njiani, weka tende na maji kwenye begi.

Na nyumbani je?

Mara nyingi mmoja anafunga, mwingine hafungi. Mfungaji, usirudi na hasira za ofisini ukamwagia mwenzio. Usiyefunga, usimfanyie utani, na siku mojamoja amka umpashie daku. Atalikumbuka hilo kuliko zawadi. Zungumzeni pia kuhusu faragha, maana Ramadhani mchana ni kujizuia na hilo vilevile. Kama mmoja yuko kambini mgodini, simu ya baada ya futari inasaidia sana.

Mfungo ukiisha, lipa zile "karibu" zote ulizozikataa. Nunua mchele, pika pilau, peleka ofisini. Wa kwanza kupakuliwa awe yule aliyekusumbua kuliko wote.