Mzingiro Wataka Ukuta na Mlango

Askari aliyefundishwa kuuzingira mji ajua mambo mawili. Kwanza, mzingiro wenye upenyo mmoja si mzingiro. Pili, adui asiyeachiwa mlango wa kutokea hupigana hadi risasi ya mwisho. Yafaa tuyakumbuke hayo tunapoulizwa hapa Kampala: je, vikwazo na diplomasia vyaweza kulizuia taifa lisijipatie bomu la nyuklia? Na sisi Waganda yatuhusu nini?

Yatuhusu sana. Mwezi Aprili 2010 Rais Mahmoud Ahmadinejad wa Iran alikuwa mgeni wetu. Miezi miwili haijatimia, tarehe 9 Juni, Uganda ikiwa mwanachama asiye wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ilitakiwa kupiga kura juu ya azimio namba 1929 la kuiongezea Iran vikwazo. Nchi 12 zililiunga mkono, Uganda ikiwa mojawapo. Brazil na Uturuki zilipinga. Lebanon haikuelemea upande wowote.

Jambo la pili lilitugusa karibu zaidi sisi tuvaao sare. Korea Kaskazini ilikuwa rafiki wa miaka mingi, na wakufunzi wake waliwafundisha polisi wetu. Lakini tangu Oktoba 2006 nchi hiyo ilikuwa ikijaribu mabomu ya nyuklia. Azimio namba 2270 la Machi 2016 lilieleza wazi kwamba haifai nchi yoyote kuwapokea wakufunzi wake wa kijeshi wala wa polisi. Mwishoni mwa Mei mwaka huo, Rais Park Geun-hye wa Korea Kusini alipozuru Uganda, serikali yetu ilitangaza kuusitisha ushirikiano huo. Halikuwa jambo jepesi, kwani rafiki wa zamani havuliwi kama kanzu kuukuu. Hata hivyo, fedha za kigeni zilipwazo ugenini kwa mafunzo zaweza kununua vipuri vya makombora nyumbani. Huo ndio upenyo, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Lakini ukuta peke yake hautoshi. Vikwazo vilipunguza sana mauzo ya mafuta ya Iran, na mazungumzo yakafungua mlango. Katika mapatano ya Vienna ya tarehe 14 Julai 2015, Iran ilikubali kutorutubisha urani kupita asilimia 3.67, wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakapewa nafasi, na vikwazo vikalegezwa. Mei 2018 Marekani ilijitoa, na mlango ukaanza kufungwa. Kufikia 2021 Iran ilikuwa ikirutubisha hadi asilimia 60. Juni 2025 Israel na Marekani ziliishambulia mitambo yake kwa mabomu, na Septemba vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikarejeshwa. Korea Kaskazini, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kufanya majaribio sita kufikia Septemba 2017.

Hapana budi basi tuseme wazi. Taifa dogo haliwezi kuwaamuru wakubwa watimize ahadi zao. Laweza, hata hivyo, kuuziba upenyo ulio upande wake, hata kama kwa kufanya hivyo lapoteza rafiki. Na likiisha kuuziba, lina haki ya kusimama mbele ya wakubwa hao na kuwadai mlango.