Si kila asiye na karatasi ni wa magendo

Mvua ilikuwa imetunyeshea tangu upande wa Kigoma. Tulipoingia upande wetu wa Burundi, mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya forodha alitoa karatasi iliyolowa, wino umetapakaa wote, haisomeki hata jina. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wameshikilia baiskeli zilizobeba magunia matatu ya mchele. Ofisa aliigeuza ile karatasi mara moja, akairudisha mezani, kisha akasema kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi: "Mama, mali ikiwa ya magendo huwa haina karatasi. Mali yako haina karatasi. Basi ni ya magendo."

Foleni nzima ilinyamaza. Wengine walitikisa vichwa kana kwamba wamesikia hukumu ya mahakama kuu. Mimi nilikuwa narudi kumwona dada yangu, ambaye alibaki Ulyankulu na kupata uraia wa Tanzania pamoja na wenzake wengi mwaka 2014. Nikajikuta nimerudishwa darasani. Hoja ile nilikwisha kuifanyia mtihani.

Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa 1972. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, nikasoma kwa mtaala wa Tanzania mpaka kidato cha sita. Mwaka 1999, nikiwa kidato cha tano, tulifika kwenye mada ya mantiki katika hisabati ya juu. Mada hiyo ina sehemu mbili ambazo sijazisahau. Ya kwanza ni kupima uhalali wa hoja. Ya pili ni kuchora nyaya za umeme kwa kutumia sheria zilezile za mantiki. Tulichora swichi na taa hadi usiku, na likizo tukarudi nyumbani kusomea koroboi.

Nieleze kipimo chenyewe, maana hakihitaji shule kubwa. Hoja ina misingi na ina hitimisho. Hoja huitwa halali ikiwa haiwezekani kabisa misingi yote iwe kweli huku hitimisho likiwa uongo. (Halali hii si ile ya forodha, msomaji anisamehe, ndilo neno tulilo nalo.) Kwa hiyo anayepima hoja haulizi kwanza kama hitimisho linampendeza. Anatafuta hali moja tu ambamo misingi inasimama na hitimisho linaanguka. Akiipata hata moja, hoja imekufa.

Tuichukue hoja ya ofisa. Ina kauli mbili: "mali ni ya magendo" na "mali haina karatasi". Kila moja yaweza kuwa kweli au uongo, hivyo kuna hali nne tu, na jedwali la mistari minne. Kauli ya "ikiwa hivi, basi vile" huwa uongo katika hali moja peke yake: ile ya kwanza ikiwa kweli na ya pili ikawa uongo. Mstari wa kwanza: ni ya magendo na haina karatasi. Hapa kila kitu ni kweli, na ofisa anafurahi. Wa pili: ni ya magendo lakini ina karatasi, labda ya kughushi. Hapa msingi wa kwanza wa ofisa umekuwa uongo, mstari hautuhusu. Wa nne: si ya magendo na ina karatasi. Msingi wa pili ni uongo, nao hautuhusu.

Nimeuruka wa tatu makusudi. Mali si ya magendo, na haina karatasi. Msingi wa kwanza haujavunjwa, kwa kuwa ulisema habari za mali ya magendo tu, haukusema lolote juu ya mali safi. Msingi wa pili ni kweli. Hitimisho ni uongo. Mstari huo mmoja unatosha kuiangusha hoja, na mama yule alikuwa amesimama ndani yake, amelowa.

Majedwali haya yalichapishwa mwaka 1921 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Ludwig Wittgenstein na Emil Post. Lakini kufikiri kwenyewe ni kwa zamani sana. Chrysippus, Mgiriki wa karne ya tatu kabla ya Kristo, anasimuliwa kuwa na mfano wa mbwa anayefukuza mnyama hadi njia panda ya njia tatu. Mbwa ananusa ya kwanza, hamna. Ananusa ya pili, hamna. Basi anatimka kwa ya tatu bila kunusa. Sisi tuliokulia njia za panya tunamwelewa mbwa huyo.

Sasa nisije nikaonekana nawaonea maofisa peke yao. Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani nao wana hoja yao mbovu, na nimeisikia mara nyingi kuliko ile ya ofisa. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na Jumuiya ina cheti chepesi cha uasilia kwa ajili ya mizigo midogo. Wengi wanajua jambo moja tu kukihusu: mzigo ukizidi dola 2,000 za Marekani, haupati cheti hicho. Kisha wanasema: "Mzigo wangu hauzidi dola 2,000, kwa hiyo naupatia cheti." Chora jedwali. Utakuta mstari ambamo mzigo hauzidi na bado haupati, na mstari huo una watu wengi. Mzigo lazima pia uwe umezalishwa ndani ya Jumuiya na uwe kwenye orodha ya bidhaa zinazokubaliwa. Mwenye viatu vya China vya dola 100 anabaki mikono mitupu, akilalamika kwamba ameonewa. Na hata mwenye cheti, kinamwondolea ushuru wa forodha, hakimwondolei ukaguzi wa mazao.

Hoja iliyoniuma zaidi haikuwa ya mpakani. Niliisikia mwaka 2008, nilipofika Nyanza-Lac pamoja na baba, katika msafara wa wale zaidi ya 50,000 waliorudi kutoka makazi ya 1972. Shamba la babu lenye michikichi lilikuwa na mtu mwingine. Mbele ya bashingantahe wa kilima, mtu huyo alisema kwa utulivu: "Mzee, shamba lingekuwa lako, ungekuwa na hati. Huna hati. Basi si lako."

Baba alinigeukia, maana mimi ndiye niliyesomeshwa. Nikaipima kichwani kwa njia ya mkato, ile ambayo wanafunzi wangu leo wanaipenda kuliko jedwali: jifanye hitimisho ni uongo, uone kama misingi inavumilia. Haya, shamba ni letu. Kwa msingi wa kwanza, basi tuna hati. Kwa msingi wa pili, hatuna. Vimegongana. Hakuna hali inayoiangusha. Hoja ilikuwa halali, na jasho likanitoka.

Ilinichukua muda kukumbuka nusu ya pili ya somo. Uhalali unasema tu kwamba misingi ikiwa kweli, hitimisho halikwepeki. Hausemi kwamba misingi ni kweli. Nikasimama nikawauliza wazee: kati yenu, mwaka 1972 nani alikuwa na hati ya shamba lake? Walitazamana. Ardhi ya vijijini ilishikwa kwa mila, kwa mipaka ya miti na kwa ushahidi wa majirani. Utaratibu wa kutoa vyeti vya ardhi kule kwenye tarafa ulikuja na sheria ya ardhi ya 2011. Msingi wa kwanza ulikuwa uongo, na kwa kipimo hicho hata mashamba ya wazee wenyewe yasingekuwa yao. Tuligawana nusu kwa nusu na yule mtu. Baba hakuridhika mpaka alipofariki, na sidhani kama yule mwingine aliridhika.

Ndiyo maana darasani sichoki kuwatenganishia wanafunzi maswali haya mawili. Kwanza, je, umbo la hoja linashika? Pili, je, misingi ni kweli? Ofisa wetu alikuwa na misingi ambayo ningeweza kumkubalia na umbo lililooza. Mtu wa shamba alikuwa na umbo la chuma na msingi wa uongo. Ukimshambulia mmoja kwa silaha ya mwingine, utashindwa huku una haki.

Turudi kwenye foleni. Nilisogea nikasema, "Samahani, shefu. Mimi nikipoteza kitambulisho changu mvuani, nitakuwa si Mrundi?" Alinitazama viatu, kisha uso. Hakunijibu mimi. Alimwambia mama arudi upande wa pili akaombe karatasi nyingine, na kwamba mchele hautazuiliwa, uwekwe pembeni ya ukuta.

Mama alirudi saa kumi jioni na karatasi mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Pembeni ya ukuta hapakuwa na paa. "Mwalimu," aliniambia akibonyeza gunia la chini, "wewe umemshinda. Huu sasa nitauza kwa bei gani?"