Ukipeleka watoto kuogelea, simu iweke mfukoni

Mombasa msimu wa kaskazi hakukaliki. Kuanzia Desemba hadi Machi jua linachoma tangu asubuhi, na kwa watoto wimbo ni mmoja tu: "Anti, tupeleke tukaogelee!" Basi Jumapili mnashika matatu hadi Wild Waters kule Nyali, wateleze kwenye yale mabomba makubwa ya maji mpaka wachoke.

Poa sana. Lakini wewe mkubwa hukwenda kupiga selfi.

Wengi wetu hudhani mtoto anayezama atapiga mayowe. Wapi! Maji yakishafika mdomoni hapati pumzi ya kuita. Huzama kimya, tena upesi, watu wakiwa wamejaa kando yake. Na yale maboya ya kupuliza ya mikononi yasikudanganye, huchomoka.

Kwa hivyo, asiyejua kuogelea akae pale mkono wako unapomfikia. Mkiwa wakubwa wawili, shikeni zamu: mmoja ale chipsi, mwingine akodoe macho. Saa sita jua likiwa utosini, wapeleke kivulini wanywe maji.

Picha mtapiga mkitoka, mkiwa mmetimia.