Binti yako akitaka kushika gitaa

Mama wapendwa, katika kwaya nyingi za hapa Bunia, wasichana wanaimba na wavulana wanapiga gitaa. Msichana akitaka kujaribu, watu wananong'ona kwamba ataharibika. Wiki hii tuzungumze juu ya rock and roll. Wengi wanadhani muziki huo ulianzishwa na vijana wa kiume wa Marekani kama Elvis Presley na Chuck Berry. Lakini kabla yao alikuwapo mwanamke aliyelelewa kanisani.

Mwanamke huyo ni Rosetta Tharpe. Alizaliwa mwaka 1915 huko Arkansas, kwa watu weusi waliolima pamba. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mhubiri aliyeimba na kupiga mandolini, chombo kinachofanana na gitaa dogo. Alimwacha binti yake ashike gitaa akiwa mdogo sana, wakaenda pamoja kuimba makanisani. Rosetta alipokua, alipeleka nyimbo za dini hata kwenye majumba ya starehe, na waumini wengi walikasirika. Wimbo wake Strange Things Happening Every Day, aliourekodi mwaka 1944, unahesabiwa na wengi kati ya nyimbo za kwanza za rock and roll. Mwaka 1947 alimpandisha jukwaani kijana mmoja aimbe. Kijana huyo ni Little Richard, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima. Rosetta alikufa mwaka 1973. Jumba la heshima la rock and roll lilimwingiza mwaka 2018 tu.

Mwingine ni Willie Mae Thornton, aliyeitwa Big Mama. Alirekodi Hound Dog mwaka 1952, nao ukapendwa sana. Yeye mwenyewe alisema alilipwa dola 500 tu. Elvis aliurudia mwaka 1956, akauza mamilioni ya santuri.

Huku kwetu, miaka hiyohiyo rumba ilikuwa inapanda. Wendo Kolosoy alitoa Marie-Louise mwaka 1948. Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kikundi kimoja kilijiita Rock-a-Mambo. Na kati ya wanaume hao wote alisikika Lucie Eyenga, mmoja wa wanawake wa kwanza kurekodi rumba.

Kisha akaja Abeti Masikini, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1954, katika jimbo la zamani ambamo Bunia yetu ilikuwamo. Baba yake, Jean-Pierre Finant, aliongoza jimbo hilo, akauawa mwaka 1961. Jina Masikini ni la mama yake. Mwaka 1973 Abeti aliimba Olympia, ukumbi mkubwa wa Paris. Mwaka 1974 alikuwa kwenye tamasha kubwa la Kinshasa pamoja na James Brown, B.B. King na Miriam Makeba. Mbilia Bel pia alianzia katika kikundi chake. Kansa ilimchukua mwaka 1994, akiwa na miaka 39.

Mama, si kila mtoto anayepiga gitaa atakuwa Abeti. Lakini kuna mambo tunayoweza kufanya. Tuombe viongozi wa kwaya wafundishe vyombo wasichana pia. Mazoezi yafanyike mchana, mahali pa wazi, na mama mmoja awepo. Masomo ya shule yatangulie. Na mtu akija na karatasi ya kurekodi wimbo wa mtoto, asiweke sahihi peke yake: isomwe mbele ya mzazi na mtu anayeelewa mambo ya mikataba. Tukumbuke zile dola 500 za Big Mama.

Katika mkutano wenu ujao, hesabuni: katika kwaya za watoto wenu, ni wasichana wangapi wanaopiga chombo? Kama hakuna hata mmoja, mkazungumze na kiongozi wa kwaya.