Je, Maji Yako ni Safi Kweli?

Mtu akichota maji kisimani, akayatazama katika bilauri na kuyaona hayana takataka, husema, "Haya ni maji mazuri." Lakini wahenga walinena: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Vijidudu viletavyo kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, wala havina ladha. Ili kujua kama maji yamechafuliwa, hapana budi yapimwe.

Wapimaji hawatafuti vijidudu vya kila ugonjwa, maana kazi hiyo ingekuwa kubwa mno. Hutafuta kimoja kiitwacho Escherichia coli, alichokieleza daktari Theodor Escherich mwaka 1885. Hicho hukaa matumboni mwa watu na wanyama. Aina zake nyingi hazidhuru, lakini kikionekana majini ni shahidi kwamba kinyesi kimefika humo. Na kilipopita kinyesi, maradhi nayo yaweza kupita.

Katika maabara, mililita 100 za maji hupitishwa katika chujio laini sana. Kisha chujio hilo huwekwa juu ya chakula cha vijidudu, katika kabati yenye joto la nyuzi 44, kwa muda wa siku moja. Kijidudu kilicho hai huzaana hata kikawa doa la kuonekana na kuhesabika. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na doa hata moja la kijidudu hicho.

Ukitaka kupimiwa, mwendee afisa wa afya wa mahali pako, upate chupa maalum. Usiisuuze, kwani huenda imetiwa dawa ya kuzima klorini ya maji ya bomba. Usiguse mdomo wake kwa vidole. Andika mahali, siku na saa, uiweke penye baridi, na uifikishe maabara kabla ya saa 6 kupita. Ukichelewa, vijidudu hufa au huongezeka, na jibu huwa si la kweli.

Kama maji yameonekana mabaya, yachemshe. Mjini Nakuru, yakitokota kwa nguvu dakika 1 yatosha. Lakini Molo, Elburgon na Mau Narok ziko juu zaidi ya meta 2,000, na huko maji hutokota kabla ya kupata joto kubwa. Yaache dakika 3. Kisha yafunike, wala usichote kwa kikombe kilichoshikwashikwa.

Ila jambo moja lisichanganywe na hili. Visima vingi virefu vya Bonde la Ufa vina floraidi, madini yatiayo meno rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuyaondoi, na kipimo chake ni kingine. Mwenye kisima na aulizie vyote viwili.

Mtoto mdogo hawezi kuuliza maji yametoka wapi. Hunywa apewayo na wazazi wake. Basi ni juu yetu kuuliza kwa niaba yake.